Umoja Usio na Siasa

Kila alipoulizwa alikwenda Ujerumani kusomea nini, Kokushubila alijiandaa kuona uso wa muulizaji ukishuka. Majirani zake wa Kibeta, Bukoba, walitegemea kusikia udaktari, au walau uhandisi wa maji. Yeye alikuwa amekaa Magdeburg miaka miwili akisoma habari za vyama vya askari wastaafu, vile vya mrengo wa kulia vilivyoundwa baada ya Ujerumani kushindwa Vita Kuu ya Kwanza. Vilianza kama vyama vya kufarijiana na kukumbuka wenzao waliokufa. Baada ya miaka michache vilikuwa vikijaza barabara kwa gwaride na kulitukana bunge.

"Kwa hiyo kanisa lilikulipia nauli ukasome wazee," mama yake alimwambia siku aliyorudi, mikono yote miwili ikiwa kwenye ndizi alizokuwa akimenya.

"Siyo wazee, mae. Siasa zao."

"Wazee wenye siasa wamejaa hapa hapa. Ungewasoma bure."

Koku alicheka, lakini ile kauli ilimchoma. Alipata kazi ya kufundisha historia katika chuo kimoja cha ualimu mjini Bukoba, na tasnifu yake ikaenda kulala juu ya kabati la vyombo. Hakuna mtu aliyeomba kuisoma. Kwa hiyo baba yake mdogo, Mzee Rugaibula, alipompigia simu kutoka Muleba kumwomba aje aizungumzie, hakuamini masikio yake.

"Tuna mkutano mkuu Jumamosi," alisema mzee. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wapiganaji wa Zamani, chama kidogo cha wazee waliopigana vita ya Kagera. "Wanachama wanataka kusikia Wajerumani walivyojipanga. Sisi tumekaa tu, mwanangu. Tunazikana, basi."

"Kuzikana si jambo dogo, baba mdogo."

"Wewe njoo utufundishe."

Koku alifanya kazi wiki nzima. Aliyapunguza maneno magumu, akatafuta mifano, akajifunza kusema kwa dakika chache yale aliyoyaandika kwa kurasa mia na ushee. Jumamosi asubuhi akapanda gari kwenda Muleba akiwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata wa kumsikiliza.

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kofia. Kila mzee alikuwa amevaa bereti mpya ya kijani, bado ina mikunjo ya mfuko ilimotoka. Nyuma kabisa walikaa vijana, nao wana bereti zile zile.

"Na hawa walipigana na Amin?" Koku alimnong'oneza baba yake mdogo.

"Hao ni vijana wa Ildefons. Wanajifunza uzalendo."

Ildefons mwenyewe alikuwa ameketi meza kuu, shati la kaki lenye mifuko minne limenyooshwa hadi linang'aa. Alikuwa mfanyabiashara wa mabati na saruji, na vita ilipokwisha alikuwa bado hajazaliwa. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Muleba nzima ilijua kwamba anautaka ubunge. Alimpa Koku mkono kwa kuushika kwa mikono yake yote miwili.

"Daktari! Tunakusubiri kwa hamu."

"Sijawa daktari."

"Utakuwa," alisema Ildefons, kana kwamba na hilo yeye ndiye mgawaji.

Mtu pekee aliyekuwa kichwa wazi alikuwa Mzee Kashaija. Koku alimjua tangu utoto. Vitani alikuwa mbeba redio wa kikosi cha Rugaibula. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu baada ya mapigano ya Mutukula, mpakani, na kila Krismasi alifika kwao na mkungu wa ndizi begani. Koku alimsalimia kwa kupiga goti kidogo, akamuuliza mbona hana kofia.

"Ziliniishia," alisema Kashaija. "Walisema kichwa changu hakina saizi." Akatabasamu, ila macho yalikuwa kwenye meza kuu.

Mkutano ukafunguliwa kwa sala, kisha mwenyekiti akamkaribisha mgeni. Kwa kuwa baadhi ya wazee Kiswahili chao kilikuwa cha kwata tu, Rugaibula alisema atatafsiri kwa Kihaya yeye mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Koku alieleza jinsi kile chama kikubwa kuliko vyote, kilichojiita Kofia ya Chuma, kilivyoanzishwa mwisho wa mwaka 1918, askari wakirudi nyumbani na njaa na aibu. Alieleza kwamba viongozi wao walikataa kukiri kuwa walishindwa vitani. Walisema jeshi lilisalitiwa na raia, na wanasiasa, na Wayahudi.

Rugaibula akatafsiri: "Anasema walikuwa na uchungu kwa sababu walisalitiwa."

"Walisema walisalitiwa, baba mdogo. Ulikuwa uongo."

"Nimeshalisema hilo," alijibu mzee, hali hakulisema.

Koku akaendelea. Alisema kwamba chama kile kiliapa mchana na usiku kuwa hakina siasa, kiko juu ya vyama vyote, kinachopenda ni nchi tu. Na kwamba katika utafiti wake aliona kuwa kiapo kile ndicho kilichokuwa siasa yao kubwa. Anayejiita yuko juu ya vyama vyote anawaambia watu kwamba vyama vyote ni takataka, bunge ni takataka, na kura zao ni takataka. Kilichobaki ni amri.

"Anasema hawakuwa na chama," Rugaibula akawatangazia wazee kwa Kihaya. "Kama sisi."

Wazee wakapiga makofi.

Koku akaacha Kiswahili, akaanza kusema Kihaya moja kwa moja, Kihaya chake cha nyumbani ambacho hakikuwa na neno la bunge wala la mrengo wa kulia. Ilimbidi kuzunguka sana. Alitaja mikutano ya Berlin ambako makumi ya maelfu ya wanachama walipita kwa mistari, wamevaa sare za kijivu. Alitaka kueleza jinsi gwaride lile lilivyowatisha raia wa kawaida. Kabla hajafika huko, makofi yakalipuka tena, na safari hii vijana wa nyuma walipiga na miguu.

"Mmeona nguvu ya umoja!" Ildefons alisimama. "Makumi ya maelfu! Na sisi Muleba tunashindwaje hata mia?"

"Mheshimiwa, sikusema..."

"Walikuwa na sare kamili au kofia tu?" aliuliza mzee mmoja wa mbele.

"Sare kamili. Lakini hoja yangu..."

"Na viatu?"

"Na viatu, ndiyo."

"Umesikia, mwenyekiti? Na viatu."

Katibu akaandika: viatu.

Koku alitazama dirishani, akajikumbusha kwamba hawa ni wazee wake, kwamba wengi wao wana shida za kweli, na kwamba mtu aliyesahauliwa akipewa kofia ataipenda kofia. Alijikumbusha hayo yote, na bado alitamani kupiga meza.

Ildefons hakumpa nafasi ya kumalizia. Alimshukuru "daktari wetu", akasema sasa tuingie kwenye ajenda ya marekebisho ya katiba, ambayo kwa bahati nzuri inafanana na yale mazuri tuliyoyasikia. Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza, Umoja upokee vijana ambao hawakupigana, wawe wanachama kamili wenye kura. La pili, uanachama uwe wa wazawa tu: mtu ambaye yeye na baba yake wote wamezaliwa mkoani Kagera.

Hakuna aliyegeuza kichwa, lakini kila mtu alijua Kashaija ameketi wapi. Baba yake alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kupalilia kahawa katika vibanja vya Wahaya, akaoa hapa na kuzikwa hapa.

Koku alisimama bila kuruhusiwa. "Hili ndilo nililokuja kulisema. Hili hasa! Wajerumani wale walifanya mambo haya haya mawili, tena katika mwaka mmoja, 1924. Waliwafungulia mlango watu ambao hawakuwahi kusikia risasi, wakawafungia Wayahudi waliokaa nao kwenye mahandaki. Watu wenye nishani! Watu wenye makovu! Na bado wakasema hawana siasa."

"Daktari, hapa hakuna Mjerumani wala Myahudi," alisema Ildefons kwa upole wa kuudhi. "Hapa kuna wazalendo. Mwaka wa uchaguzi wageni wengi wanajipenyeza. Tunalinda heshima ya wazee."

"Heshima ya wazee gani? Wewe ulipigana wapi?"

"Kokushubila!" Baba yake mdogo aligonga meza. Hakuwahi kumwita kwa jina lake lote tangu alipokuwa mtoto mwenye kuvunja chungu.

Mzee Kashaija akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu. Mwenyekiti akamruhusu bila kumtazama.

"Mimi nina swali kwa mwalimu," alisema. "Hao waliofukuzwa, walifanyaje?"

Koku hakutegemea swali lile. Lilikuwa swali la kwanza la maana asubuhi nzima. "Walikuwa tayari na chama chao wenyewe, mzee. Waliandika vitabu vya majina ya wenzao waliokufa vitani, maelfu kwa maelfu, ili watu waamini kwamba nao walipigana."

"Watu wakaamini?"

"Hapana. Waliotaka kuamini walikuwa wanajua tangu mwanzo. Na baadaye, serikali mbaya ilipokuja, nishani hazikuwasaidia."

"Na wale waliowafukuza?"

"Chama chao kilimezwa na serikali hiyo hiyo, kisha kikafutwa."

Kashaija akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Asante, mwalimu. Mwenyekiti, pigisha kura."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wengine waliinua mkono haraka, wengine waliuinua nusu, kama wanaojikuna sikio. Mwenyekiti hakuinua wake. Alisema tu, sauti yake ikiwa chini, "Limepita."

Kashaija akainuka. Alizunguka darasa akimpa kila mzee mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alilazimika kuupokea. Kisha akachukua mwavuli wake na kutoka.

Nje, chini ya ukingo wa bati, Koku alimkabili baba yake mdogo. "Mlikuwa handaki moja na yule mtu!"

"Unadhani sijui? Lakini Umoja hauna kitu. Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu kwa sanduku la mkopo. Ildefons ameahidi ofisi, ameahidi bima ya afya. Kashaija ataelewa."

"Na wewe unaelewa? Anakutumia kupata ubunge."

"Tazama." Mzee aliinua kidole. "Sisi tulikuwa tunaendesha mkutano wetu vizuri. Wewe ndiye uliyeingiza siasa."

"Mimi?"

"Umemuuliza mtu alipigana wapi mbele za watu. Hiyo si siasa ni nini?"

Kwa miaka miwili Koku alikuwa amesoma sentensi hiyo hiyo, kwamba anayeuliza ndiye anayeingiza siasa, kwa Kijerumani, katika magazeti ya chama yaliyogeuka njano, na kila mara alijiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kuisema bila kucheka. Sasa alikuwa anamtazama. Alikuwa baba yake mdogo, aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Wiki tatu baadaye Umoja ulifanya gwaride mjini Bukoba. Matangazo yalisema ni kumbukumbu ya mashujaa. Koku aliapa hatakwenda, akaenda. Wazee walitembea mbele polepole, wengine kwa fimbo, na vijana wa bereti walifuata nyuma wakipiga mguu chini kwa nguvu, tena walikuwa wengi kuliko wazee. Spika iliyofungwa juu ya gari ilipiga nyimbo za vita, na kati ya wimbo na wimbo sauti ikasema: "Mashujaa wako na Ildefons! Mashujaa hawana chama, wana Ildefons!"

Walipofika karibu na soko, vijana wakaanza kujitenga na mistari. Kando ya barabara walikaa akina mama wenye mabeseni ya dagaa. Kijana mmoja akamuuliza mmoja wao katokea wapi.

"Kisiwani, Bumbire," akajibu mama huyo.

"Bumbire gani? Sema tu ng'ambo. Nyie wageni mnajaza mji."

"Mgeni wa wapi? Bumbire ni Muleba, mwanangu. Wewe shule hukwenda?"

Kijana akalipiga beseni teke. Dagaa zikamwagika hadi kwenye mtaro. Mama akainuka kumvaa, wenzake wakapiga kelele, vijana wengine wakaja mbio, na kwa muda Koku hakuona kitu zaidi ya migongo na kofia za kijani. Alisukuma watu. Alipofika, vijana walikuwa wameshakimbilia kwenye gari la spika, na spika ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu zaidi.

Chini, katikati ya barabara, Mzee Rugaibula alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameacha mstari wake. Alikuwa anaokota dagaa kwa mikono miwili na kuzirudisha kwenye beseni, pamoja na mchanga, pamoja na vijiti.

"Usiziguse," mama wa Bumbire alimwambia.

"Mama, mimi ni mwenyekiti, samahani, hawa vijana..."

"Nimesema usiziguse. Ondoka na kofia yako."

Mzee akabaki na dagaa viganjani, hajui aziweke wapi. Koku alimshika kwapani akamsimamisha. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, maneno aliyoyapanga tangu siku ya mkutano. Lakini alimnunulia soda, akampeleka Kibeta kwa mama yake, na mzee akakaa sebuleni hadi jioni bila kuuliza gwaride limeishia wapi.

Ildefons alishindwa kura za maoni za chama chake, tena vibaya. Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Ofisi haikujengwa, bima haikuonekana, na vijana walitawanyika kila mmoja na shughuli zake. Umoja ukabaki na katiba mpya ambayo haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kumfukuza Kashaija.

Ndipo Rugaibula alipompigia Koku tena. "Nisindikize kwa Kashaija. Wewe anakuheshimu."

"Kwa nini usiende peke yako, baba mdogo?"

"Kwa sababu najua ningefika getini nikarudi."

Kwa hilo, angalau, alisema kweli. Wakaenda Jumapili baada ya ibada. Kashaija alikuwa nyuma ya nyumba akianua kahawa kwenye mikeka, maana wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Hakuonyesha kushangaa. Aliwapa kazi: Koku ashike upande huu wa mkeka, Rugaibula upande ule. Walipomaliza, mvua ikaanza, wakaingia ndani. Mke wake, Immakulata, akawaletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani cha ukili, jinsi mgeni anavyopokelewa.

Rugaibula aliomba radhi. Aliomba kwa Kihaya, tena kwa urefu, na Koku alilazimika kukiri moyoni kwamba aliomba vizuri. Alisema alinyamaza wakati wa kusema, na kwamba mkono wake ambao haukuinuka ulikuwa na hatia kubwa kuliko ile iliyoinuka. Alisema kifungu kitafutwa mkutano ujao.

"Kifuteni," alisema Kashaija. "Ni vizuri. Kisimkute mwingine."

"Na wewe urudi."

"Mimi sirudi, Rugaibula."

"Tumekuomba radhi."

"Nimeipokea. Ukifa nitakuja kukuzika, na mimi nikitangulia njoo, kaburi litahitaji watu wa kuchimba. Lakini kukaa tena darasani nikihesabu mikono ya watu, hapana. Nimeshazeeka."

Rugaibula alimtazama Koku, akitaka asaidie. Koku akatazama mvua. Hakuwa na la kusaidia, na hata angekuwa nalo, asingelitoa.

Immakulata akaleta chakula, ndizi zilizopikwa na maharage, na sato mzima juu yake. Wakanawa. Katikati ya kula wazee wakaanza kuzungumza, kwanza juu ya bei ya kahawa, halafu juu ya mwenzao mmoja aliyelazwa, halafu juu ya mpishi wa kikosi aliyekuwa akiunguza uji kila siku ya vita. Kashaija alicheka. Koku akalegeza mabega kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Rugaibula akamega ndizi, akaichovya kwenye mchuzi. "Unajua, Kashaija," alisema, uso wake umetulia kabisa, "yule Ildefons alituharibia. Kwa sababu sisi kwa kweli, tangu mwanzo, hatukuwa na siasa."

Kashaija alimtazama Koku. Koku alimtazama Kashaija. Immakulata akaacha kumimina maji.

Koku angeweza kusema mengi. Kulikuwa na kurasa mia na ushee za kusema. Badala yake alichukua kipande kikubwa cha sato, chenye mafuta, akakiweka mbele ya baba yake mdogo.

"Kula, baba mdogo," alisema. "Tafadhali. Kula."